Doto Hakutuchuria

Oud Metha, Dubai
Machi 2016

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uipokee ukiwa umekaa, maana barua hii ni ndefu na magoti yako nayajua. Yanakusumbuaje siku hizi? Na kile kikohozi cha msimu wa vumbi, kimeachia? Mimi ni mzima wa mwili, nakula na kulala, na kama ulivyosema ulipoiona picha yangu, nimenenepa, sikatai. Wali kila siku, nani asinenepe.

Anayekuletea barua hii ni Mwanaidi, yule binti wa Nzega niliyekuambia anashona mabaibui kwa fundi mmoja huko Satwa. Anakuja likizo. Nimemwambia akukabidhi mkononi mwako, si kwa Shija. Mdogo wangu nampenda, ila akisoma barua anaisoma kwa sauti mpaka majirani wanaitikia. Isome mwenyewe, polepole, hata ukichukua siku mbili. Kuna jambo nimejaribu kukuambia kwenye simu mara tatu, na mara zote tatu nikaishia kuuliza habari za mahindi.

Nianze na Pendo. Shija ameniambia kwamba Jumapili ile wingu lilipotanda mkitoka kanisani, mtoto alikuvuta kanga akasema, "Bibi, twende zahanati, nyumba itaanguka." Nawe ulipofika nyumbani ukamchapa kwa mwiko mdomoni, ukamwambia ana mdomo wa Doto, mama yake. Tangu siku hiyo, anasema Shija, mtoto akiona wingu haongei tena. Anakwenda kujibana ukutani na kunyamaza. Mama, sikuandikii kukugombeza, mtoto hamgombezi mzazi wake. Lakini nilipoambiwa hayo nilikaa sakafuni kwenye jiko la watu nikalia mpaka Madam akauliza nani amekufa. Nikamjibu amekufa zamani.

Sasa nikueleze kuhusu huyu bibi ninayemtunza. Ni mama mzazi wa Sir, mume wa Madam, naye ni Mmarekani wa miaka sabini kasoro miwili. Mimi namwita Bibi na jina amelipenda. Tunakaa ghorofa ya tisa. Nilipofika nilidhani akili zimeanza kumruka, kwa sababu kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne asubuhi, anapuliza filimbi. Ukiisikia unaacha ulichoshika. Unavaa viatu, unabeba begi lake lenye tochi na maji na dawa, unakokota godoro la mgeni, na watu wote mnajifungia bafuni, maana ndicho chumba pekee kisicho na dirisha. Hata Madam anaingia, na rangi ya kucha haijakauka. Bibi anaangalia saa. Tukichelewa tunarudia, na mimi ndiye niliyekuwa nachelewesha makusudi.

Nilimsimulia Mwanaidi akashika kiuno. "Shoga, huyo anaichuria nyumba ya mwanawe. Mwambie khalas, aache, atawaletea balaa." Nikamwambia umesema kweli. Kila filimbi ilipolia, mimi moyoni nilikuwa nasema Mungu apishie mbali, kama ulivyotulea. Kwetu mabaya hayatajwi. Ugonjwa hautajwi, moto hautajwi, na wingu likija jeusi kama chungu tunasema ni mvua ya baraka.

Basi, Mama, juma lililopita Dubai ilipigwa na mvua ya upepo. Watu wa hapa mvua hawaijui, barabara ziligeuka mito na magari yakazama. Mimi nilikuwa natandika kitanda cha Bibi, vioo vikaanza kutetemeka, na viti vya plastiki vya kwenye roshani vikaruka na kwenda zao. Nilisimama pale pale na shuka mkononi. Filimbi ikalia mara moja tu, na yule bibi mwenye fimbo akanishika mkono akaniingiza bafuni. Sir na Madam walikuwa kazini, tulikuwa wawili. Tukakaa sakafuni na godoro kichwani, na mimi nikitetemeka kuliko vile vioo.

Humo ndimo alimonieleza. Kwao kuna upepo unaoshuka kutoka mawinguni ukizunguka kama mkonga wa tembo, unakwangua ardhi. Aprili mwaka sabini na nne ulishuka si mmoja, ilikuwa zaidi ya mia, mchana mmoja na usiku wake, jimbo hadi jimbo, na ukaua mamia ya watu. Yeye alikuwa na miaka ishirini na sita, na Sir alikuwa mtoto wa kubebwa. Redio ilitangaza. King'ora cha mji kililia. Mumewe akasema hicho kila mwaka kinalia, akatoka kibarazani kuutazama unavyokuja. Bibi akashuka na mtoto kwenye chumba cha chini ya ardhi. Alipopanda juu, kibaraza hakikuwepo, na mumewe walimpata siku ya pili kwenye shamba la mtu. Alinieleza hayo bila kulia, akinisugua mgongo. Akasema tangu siku hiyo yeye anafanya mazoezi, na anayetaka kumcheka amcheke.

Kisha akaniuliza kwa nini mimi naogopa upepo namna hii. Nikamwambia kwetu nako ulikuja, mwaka wa tatu huu, pamoja na mvua ya mawe. Akauliza, "Na ninyi nani aliwaambia kwamba unakuja?"

Mama, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu wote waliuliza wangapi wamekufa na bati ngapi zimekwenda. Nikajibu, "Pacha wangu." Akauliza, "Mlimsikiliza?" Nikatafuta namna ya kumweleza neno uchuro kwa Kiingereza, sikulipata. Nikazunguka weee, mwisho nikamwambia kwetu ukilitaja baya unaliita. Akafikiri, akasema, "Upepo hauna masikio, binti yangu. Watu ndio wenye masikio."

Sasa nikuambie ile siku ilivyokuwa, maana niliyokuambia msibani yalikuwa nusu.

Wewe ulikuwa mnadani na Shija alikuwa amefuata mbuzi. Nilikuambia Doto alitazama wingu akasema nyumba itaanguka, na kweli ikaanguka. Hayo alisema. Lakini alisema, "Kulwa, nyumba itaanguka, twende zahanati, kwenye kile chumba chenye tangi juu, kile ni zege tupu." Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia, "Acha uchuro wako." Akanisihi tena, nikamwambia kama anaogopa aende peke yake, mimi siachi nyumba ya mama yangu. Akamfunga Pendo mgongoni akaenda.

Nilikuambia Pendo alikuwa zahanati tangu asubuhi kwa sababu ya homa. Haikuwepo homa yoyote, Mama. Doto ndiye aliyempeleka. Alifika, akamkabidhi kwa nesi, akawa amesimama ndani ya zege, mzima, na mwanawe mzima. Halafu akarudi. Alirudi kwa ajili yangu, kwenye mawe yaliyokuwa yanatoboa majani ya migomba.

Alinikuta nimening'inia kwenye kenchi, nimeishika kwa mikono miwili ili paa lisiondoke, kama tulivyowaona wanaume wakifanya tangu utotoni. Akanivuta sketi. "Kulwa, liache bati liende. Shuka." Nikamwambia aache kunichuria, kama ni ndugu yangu ashike na yeye. Na Doto akashika.

Paa liliponyanyuka lilinibeba na kunitupa kwenye shamba la karanga. Yeye aliachia, akabaki ndani, na ukuta ukamlalia. Nilimwambia Bibi habari ya kushika paa. Hakucheka. Alisema bati likienda limekwenda, ila tofali mbichi zisizo na paa hazina cha kuzishika, zinawaangukia waliobaki kulishika paa. Kitu hicho Doto alikijua bila kwenda Marekani.

Msibani wakasema pacha huita mvua, wakasema alijichuria mwenyewe, nawe ukaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa mkekani, hatua mbili kutoka kwako. Nikanyamaza. Niliona aibu, na nilikuogopa, na baada ya arobaini nikatafuta safari. Watu wanadhani nilikuja huku kwa shida. Nilikuja kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama Pendo machoni.

Ukinitilia shaka, muulize nesi. Yeye ndiye aliyempokea mtoto kutoka mikononi mwa Doto, na alimkataza asitoke.

Ninachokuomba ni hiki. Shija ameijenga tena nyumba kwa tofali zilezile, na masika ndiyo hayo. Ongea na nesi mjue ufunguo wa kile chumba anakaa nao nani siku asipokuwepo. Siku ya jua, siku isiyo na wingu hata moja, mshike Pendo mtembee mpaka pale, na viatu miguuni, mrudi, na kesho kutwa mtembee tena mpaka magoti yako yaizoee ile njia. Majirani watasema mnachuria. Waache waseme. Na yeyote asishike kenchi, hata Shija na kifua chake kile.

Nisalimie Shija, mwambie namshukuru kwa kuniambia kweli. Msalimie shangazi, dada wa marehemu Baba, na umwombe yale maneno ya mapacha asiyaseme mbele ya mtoto. Msalimie katekista aliyetuzikia. Nesi mpe salamu za pekee, mwambie sijamsahau. Pendo usimsomee barua hii. Mwambie tu mama mkubwa amesema mama yake alikuwa na akili kuliko sisi sote.

Kama utanikasirikia, nikasirikie, ni haki yako, nami sitakupigia mpaka unipigie wewe. Lakini Pendo akisema tukimbie, Mama, usimwulize kitu. Kimbia naye.

Ni mimi mwanao Kulwa, ambaye Doto alirudi kumchukua.