Usimpe Shemeji Sungura Wako

Mwenzangu, usimpe shemeji yangu wale sungura wako. Soma mpaka mwisho.

Leo nimempelekea funguo alizosahau, kule maabara anakolisha wanyama. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Nikamwona sungura wa binti yangu, yule mwenye sikio lililochanika. Amebanwa ndani ya sanduku, kichwa tu kiko nje, jicho jekundu limevimba. Wanamtia sabuni ya nywele machoni waone kama inachoma.

Si alituapia anampeleka shambani kwa rafiki yake? Kila Jumapili mtoto anamuuliza, naye anajibu, "Hajambo, anakula majani tu."

Nikamwambia, "Shemeji, shamba lenyewe ndilo hili?"

Akacheka. "Sasa shemeji, ulitaka tujaribie jicho la mwanao?"

Nikamwekea funguo mezani, nikatoka. Labda kweli sabuni lazima ijaribiwe. Lakini si angeniambia, nikatae au nikubali mwenyewe? Amemdanganya mtoto wangu huku amempakata.

Kesho anakuja kwako. Mwambie hutoi. Akiuliza nani kakwambia, nitaje mimi, na mume wangu amtetee mdogo wake akipenda.