Mlango wa Mninga Tumeushusha, Baba

Shikamoo, Baba.

Naanza na linaloniuma nisije nikalikwepa: ule mlango wa banda la gari uliouchonga mwenyewe, mabawa mawili ya mninga mtupu, tumeushusha. Usinune kwanza. Nisikilize.

Mama alimaliza eda miezi miwili iliyopita. Siku ya kutoka, kitu cha kwanza alichouliza ni ufunguo wa gari. Alitaka kwenda Sikonge kwa mdogo wake. Akavaa, akapitia mlango mdogo wa uani, nikajua ameshaondoka. Baadaye nikaingia bandani kutafuta ufagio, nikamkuta ndani ya gari, mkanda kaufunga, injini hajawasha. "Nilikuwa namsubiri baba yako afungue," akasema. Akacheka kidogo, kisha akashindwa kuendelea kucheka.

Miaka yote ulimfungulia wewe. Uliacha randa juu ya benchi, ukavuta bawa hili, ukavuta lile, ukasimama pembeni na vumbi la mbao kwenye nyusi: "Pita, dereva wangu." Sisi wanao tuliona aibu, mtaa mzima wa Kanyenye unasikia. Leo natamani kukusikia ukisema hivyo hata mara moja tu.

Mama alijaribu kuusukuma mlango, bega likakataa. Mimi bado nafundisha shule kule Isikizya, natoka asubuhi narudi jioni. Kaka Hamisi akapiga simu kutoka Dar: shusheni hilo dude, wekeni mlango mwepesi wa bati unaopanda juu, na mota yake. Nilimjibu vibaya, Baba. Nilimwambia mlango wako hautoki pale nikiwa hai.

Basi nikaagiza mota ya kusukuma mabawa yako. Muuzaji akaniuliza kwenye simu, mlango wa nini? Nikajibu, wa mbao. Mimi, binti wa seremala! Mteja akikutajia mbao hukumwachia amalize: "Mbao gani?" Sikusema mninga, sikupima upana, sikuuliza mota inabeba uzito gani. Ilipofungwa, Mama akabonyeza rimoti. Mota ikaguna, mlango ukasogea kiasi cha kupita kuku, tukasikia harufu ya kuungua. Ikafia hapo hapo.

Fundi aliyeifunga akagonga ubao kwa kidole, akatikisa kichwa. "Dada, mzigo wote huu, na bawaba zimeshachoka. Hata ukileta mota kubwa, umeme ukikatika mama atausukuma na nani?"

Sikumsikia. Wiki tatu nikahangaika kutafuta mota kubwa. Gari limekaa, Mama amekaa. Mpaka siku moja tunachambua mchele akasema, bila kuinua macho, "Mwajuma, mlango huu baba yako alinitengenezea nipate kutoka. Wewe unanifungia nao."

Nilienda uani nikalia. Nililia kwa sababu nilidhani nakutunza wewe, kumbe nilikuwa namnyima yeye.

Basi tukaushusha, tukakubali ule mlango wa bati wa Kaka Hamisi. Safari hii tulichagua kwa kituo, kama ulivyotufundisha. Fundi alipima upana, akapima na nafasi iliyobaki juu mpaka kwenye boriti, ndipo akatuambia mlango gani na mota ya nguvu gani. Mimi nikang'ang'ania betri ya akiba, maana umeme wetu unaujua. Kuna kamba ya kuvuta ili mlango ufunguke kwa mkono. Mama aliijaribu mwenyewe, mara tatu, bega halikulalamika. Chini kuna kijicho kinachozuia mlango usishuke kitu kikipita. Mbuzi wa jirani wameshakijaribu. Mota yenyewe aliichagua Mama, ile isiyo na kelele. Anasema kelele alizozivumilia maishani ni za randa yako tu, zinamtosha.

Mabawa yako nimeyaegemeza ukutani kwenye karakana. Sijui niyafanyeje. Kila nikiingia nayapapasa, halafu natoka. Usiniharakishe.

Jumamosi iliyopita Mama aliondoka. Alibonyeza, mlango ukapanda taratibu, akatoka bila kumsubiri mtu. Alipiga honi moja, akakata kona. Mimi nikabaki nimesimama pale, mikono haina kazi, na nikatamani uwepo, Baba, kuliko siku ya maziko. Siku ile palikuwa na watu wa kunishika.

Pumzika. Mwenyezi Mungu akulaze pema. Nakuahidi jambo moja tu, maana mengi siyawezi: Mama akitaka kwenda, aende, na mimi sitasimama mlangoni.

Binti yako,
Mwajuma