Mwandiko wa Mapendo

Shule ya Msingi Mtakatifu Monika,
Bangwe, Kigoma.
9 Novemba 1969

Kwa Baba yangu mpenzi, Mzee Pastory,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama na wadogo zangu wote. Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Na yule ndama aliyekuwa hataki kunyonya, je, amepona? Mimi hapa ni mzima, sina neno, ila joto la huku ziwani. Mtu aliyezaliwa Heru Juu kwenye baridi hawezi kulizoea hata akiishi hapa mpaka azeeke.

Mdogo wangu Leodgar ameniandikia kwamba umemaliza kitabu cha kwanza cha kisomo, na kwamba tangazo la chama ulilisoma mwenyewe mbele ya watu, ukakwama mara mbili tu. Baba, nilifurahi mno. Ndiyo maana safari hii nimeandika kwa herufi kubwa zilizoachana, nikaifunga bahasha kwa gundi, na nimemwomba aliyeileta akukabidhi wewe mkononi, si Katekista Feliksi. Sina ugomvi na Katekista. Ametusomea barua miaka mingi na Mungu atamlipa. Lakini yeye husoma kwa sauti ya kanisani, na kabla hajafika kwenye salamu za mwisho majirani wa ng'ambo ya mto wameshajua habari zetu. Hii ni yako peke yako. Isome taratibu. Ukichoka, weka kijiti mahali ulipofika, uendelee kesho.

Uliuliza shule yetu ikoje. Baba, ni shule ya sheria. Mwalimu mkuu ni Sista Gaudensia, Mfipa wa Sumbawanga, mwembamba, mwenye miwani, na sauti yake haipandi hata akikasirika. Kengele hulia saa moja na nusu, na lango hufungwa papo hapo. Jumatatu tunakagua kucha, masikio na chawa. Lugha ni Kiswahili tu. Mtoto akiteleza akamwamkia mwenzake kwa Kiha, huvishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwingine. Ijumaa watoto wa Kikatoliki huenda misa na wale wa Kiislamu, ambao ni wengi kwa sababu ya Ujiji na Katonga, huruhusiwa kwenda zao msikitini. Alasiri tunalima shamba la mihogo, kama Serikali ilivyotuagiza, maana siku hizi elimu ni ya kujitegemea. Watu wanasema mwakani shule za misheni zitachukuliwa na Serikali. Sista akiulizwa hujibu kwamba mihogo itapaliliwa vilevile.

Sasa nikueleze jambo lililotokea, ambalo ndilo lililonifanya nikuandikie.

Mwezi wa saba Sista alitoa sheria mpya. Mtoto asipofika shuleni, akirudi sharti alete barua ya mzazi yenye sababu. Bila barua, haingii. Huku watoto hukosa sana shule wakati wa giza la mwezi, kwa sababu hapo ndipo wavuvi hupata dagaa, na asubuhi kila mkono unatakiwa mchangani kuanika. Sista alidhani barua itawakomesha. Tena alidhani hakuna atakayeileta, maana wazazi wengi hawajui kuandika.

Lakini barua zilikuja, Baba, na zilikuwa barua za kupendeza ajabu. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuzipokea, nami nilikuwa nikiwasomea walimu wenzangu wakati wa chai. Mvuvi mmoja aliandika: "Mwalimu, mwanangu hakufika jana. Dagaa walikuja wengi, na dagaa hawana subira kama wewe." Nyingine ilisema: "Agnesi alibaki nyumbani kwa sababu bibi yake alitaka kufa, lakini jioni akaahirisha." Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilishasema moyoni kwamba watu wa pwani hii wamejaliwa maneno.

Mwalimu Faustini, msimamizi wa nidhamu, ndiye ambaye hakucheka. Alizichukua barua zile akazipanga mezani, akatuonyesha kwamba herufi g zote zina mkia uliopinda kama ndoana. Barua zilikuwa za watu mbalimbali, lakini mwandiko ulikuwa mmoja. Akaenda kupekua madaftari darasa baada ya darasa, na jioni akarudi na daftari la Mapendo wa darasa la sita.

Mapendo ni binti wa Bi Mwanaima, mama anayenunua dagaa Katonga na kuwauza sokoni. Asili yao ni Kongo, babu zao walivuka ziwa zamani. Ni mtoto mrefu, mkimya, hakosi swali la hesabu, na Sista mwenyewe alikuwa akimtazamia kwenda sekondari. Alipoitwa ofisini nilikuwapo. Sista alimweleza kwamba kughushi barua ya mzazi ni kosa la kufukuzwa shule, na sheria hiyo haikuanza jana. Akamwuliza kama barua zile ni zake. Mapendo alisimama mikono nyuma, hakulia. Akasema, "Sista, maneno ni yao. Mkono tu ndio wangu."

Mwalimu Faustini alisema hayo ni majibu ya ujanja. Sista akaamua kwamba wazazi wote ambao majina yao yapo kwenye barua waje Jumatatu. Barua zitasomwa moja moja mbele yao. Ikipatikana moja tu isiyo kweli, mtoto ataondoka.

Baba, siku zile mbili sikula vizuri. Sababu yake utaijua mbele.

Jumatatu walikuja. Mimi nilidhani watakuja watano au sita, lakini darasa lilijaa. Wavuvi walikuja na magamba ya samaki mikononi, kina mama na vikapu vyao, wakajibana kwenye madawati ya watoto magoti yakiwa kifuani. Mapendo alisimamishwa mbele, karibu na ubao. Mama yake alikaa nyuma kabisa, kanga ameivuta mpaka usoni. Sista akaanza kusoma, na kila barua iliposomwa mwenyewe alisimama akasema ndiyo, hayo ni maneno yangu. Mzee Elieza alikiri habari ya dagaa na subira, akaongeza kwamba hata Mwalimu Faustini hununua dagaa wale wale na hajawahi kulalamika. Bibi yake Agnesi alikuja mwenyewe kwa fimbo. Alithibitisha kwamba kweli alitaka kufa, na kwamba hajafuta nia, ila kwa sasa ana shughuli. Watu wakacheka, hata Sista akainamisha kichwa.

Ilikuwa imebaki barua ya mwisho. Ilisema kwamba Marselino, mtoto wa darasa la pili, hakufika siku tatu kwa sababu ya homa. Baba yake, mpasuaji mbao wa Katubuka, akasimama. Ni mtu mkubwa, lakini alisema kwa sauti ndogo kwamba mtoto hakuwa na homa, na kwamba yeye hakusema neno hilo.

Mwalimu Faustini aliniangalia mimi, nami nikatazama sakafu. Sista alimgeukia Mapendo, akamwuliza kama amesikia. Mapendo akaitikia kwamba amesikia. Hakujitetea. Nilimwona Bi Mwanaima ameanza kunyanyuka, kama mtu anayetaka kumchukua mwanawe waende zao kabla hawajaambiwa.

Ndipo yule mpasuaji mbao akasema kwamba hajamaliza. Nitakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, maana sitayasahau: "Sista, mimi nilimwambia kweli yenyewe. Mwanangu ana kaptura moja, ikachanika nyuma, na mama yake hakuwa na kiraka. Huyu binti akaniuliza, je, unataka neno hilo lisomwe mbele ya walimu? Mimi nikanyamaza. Alipoona nimenyamaza, akaandika homa. Sasa kama ni kosa, ni langu mimi niliyenyamaza."

Akakaa. Benchi likalia. Sista alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa, akaivaa, akaivua tena. Kisha akawauliza wazazi ni wangapi kati yao wanaoweza kuandika jina lao wenyewe. Mikono minne ilipanda. Akasema sheria yake haibadiliki: mtoto asiyefika sharti alete barua. Ila kuanzia sasa mkono uwe wa mzazi. Na kwa kuwa shule imedai kitu ambacho haikuwafundisha, basi itawafundisha. Jumanne na Alhamisi, saa kumi, darasa hili hili. Lango litafungwa kengele ikilia.

Mapendo hakufukuzwa. Kwa ile homa moja alipewa adhabu, kwamba atafuta ubao na kugawa kalamu kwenye darasa la wazazi mpaka muhula uishe. Aliipokea adhabu hiyo kwa uso wa mtu aliyepewa zawadi, mpaka Sista akamwamuru aache kutabasamu.

Baba, laiti ungeliona darasa hilo! Mimi na Mwalimu Faustini ndio tunaofundisha, na yeye ndiye mwenye subira kuliko mimi. Mzee Elieza hushika kalamu kama sindano ya kushonea nyavu, na herufi zake zimefungana kama fundo, lakini hazifunguki. Wazazi walitaka sheria zote za watoto ziwahusu na wao, kwa hiyo kila Jumanne watoto wao huja kuwakagua kucha. Hakuna sherehe inayozidi hiyo hapa Bangwe. Wiki iliyopita baba yake Marselino aliteleza akamwamkia mwenzake kwa Kiha, "Mwakeye", akavishwa kibao. Alikataa kukivua. Alitembea nacho mpaka Katubuka, akiwaonyesha watu njiani kwamba na yeye sasa ni mwanafunzi. Mara mbili amefungiwa nje kwa kuchelewa, akasimama langoni na kina mama watatu, wakilalamika kama watoto wadogo. Na yule Marselino ana kaptura mbili sasa, maana Sista alifungua sanduku la nguo za misheni bila kumwambia mtu.

Juzi Mapendo aliumwa kweli. Alipopona alileta barua, na Sista ameibandika ukutani ofisini. Inasema: "Mapendo hakuja. Tumbo. Ni mimi Mwanaima." Herufi zinapanda kama zinakwea mlima, na g hakuna hata moja.

Sasa Baba, nifike kwenye neno langu. Ukiwa umekaa na watu, tafadhali kunja karatasi kwanza.

Mpasuaji mbao aliposema hayo si maneno yake, si Mapendo aliyetazama chini. Ni mimi. Mtoto yule aliongopa neno moja kwa kumfichia mtu aibu, akasimamishwa mbele ya watu wazima, nami niliyefanya kubwa zaidi nilikuwa nimekaa upande wa walimu.

Unakumbuka mwaka ule ulipokuwa Korogwe kwenye mkonge, mwaka wa nne wa kutokuwapo kwako. Mimi nilikuwa darasa la nne, na Mama alinituma nikuandikie. Alikuwa akitwanga, hata hakuniangalia. Alisema nikuandikie kwamba kama mkonge ni mtamu kuliko nyumba yako, basi ukae huko huko. Paa tumeezeka wenyewe, maharage tumevuna wenyewe, hapa huhitajiki. Nilichukua karatasi nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Nikaandika: "Mume wangu, rudi. Nyumba inavuja na Leonia anaanza kuisahau sura yako. Nakungoja." Nikaipeleka misheni mwenyewe.

Hayo hayakuwa maneno ya Mama, Baba. Yalikuwa yangu. Nilikuwa na miaka kumi.

Ukarudi. Ulifika mvua ikinyesha, na sanduku la bati kichwani, na Mama alipokuona aliacha chungu mekoni mpaka kikaungua. Yeye alijua amekutumia maneno makali, na wewe umekuja hata hivyo. Nadhani ndiyo sababu hakukugombeza hata siku moja. Na wewe ulijua ameinama akakuita. Siku ya sherehe yangu ya ualimu uliwaambia wageni kwamba mke wako ndiye aliyekuita kutoka Tanga kwa barua tamu, na Mama akacheka akidhani ni utani wako. Mimi niliinuka nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Kila mmoja wenu amedhani miaka yote hii kwamba mwenzake ndiye aliyeshuka kwanza.

Niliungama zamani. Padre aliniuliza kama baba alirudi. Nikasema alirudi, na mdogo wangu Leodgar ameshazaliwa. Akanipa Salamu Maria tatu. Lakini kwako sikuweza, maana kila barua ilipita kwenye mdomo wa Katekista. Sasa unasoma mwenyewe, sina tena kisingizio. Nakuomba unisamehe. Kusema kweli, nikiwatazama wadogo zangu wawili, siwezi kusema najuta.

Ukiona heri umwambie Mama, mwambie. Ukiona heri unyamaze, nyamaza, nitaheshimu. Nitafika Noeli, nitawatazama nyuso zenu mkiwa mmekaa mekoni, nitajua ni lipi ulilolichagua.

Nimempa aliyeleta barua kikapu cha dagaa wa Katonga, na chupa ya mawese kwa ajili ya Mama. Msalimu sana Mama, Leodgar na Skolastika, na Bibi mwambie namwombea. Katekista Feliksi pia msalimu, na umwambie kwamba safari hii hakukosa kitu, ni habari za shule tu.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Leonia

(Na hii moja ni kweli tupu: nimeandika mwenyewe, maneno yangu, mkono wangu.)