Kioo Cheusi Harusini

Mpendwa Bi Asmahani, shikamoo. Naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika, maana maji nimeyavulia nguo na sasa naogopa kuyaoga. Mimi ni kijana wa Tongoni, napiga video za harusi kwa droni, na huu mwaka wa pili nampenda Hasina, ambaye amelelewa na shangazi yake, Bi Mwanamkasi, na bila neno la Bi Mwanamkasi hakuna posa inayopokelewa nyumba ile.

Mwezi uliopita Bi Mwanamkasi alimwoza binti yake kule Mwera, akaniita nipige video, nikasema moyoni njia yangu ndiyo hii, nikafika saa sita jua limesimama utosini, nikatoa kile kioo cheusi tunachoivisha lenzi ya droni jua likiwa kali, naye akakiona, akanijia mbele za watu akasema, "Mwanangu, kitoe hicho. Siku ya furaha ya binti yangu sitaki cheusi kipite juu ya vichwa vya watu." Sasa mama mkwe mtarajiwa nitambishiaje? Nikakitoa, nikaiacha kamera kwenye oto ijichagulie kila kitu, nikarusha.

Bi Asmahani, ilikuwa aibu. Wanaume walipotangulia na kanzu zao nyeupe picha ikaingia giza mpaka uso wa bwana harusi haujulikani, droni ilipofika kwa kina mama wenye mabaibui picha ikawaka mpaka mchanga na kanzu vikawa kitu kimoja, na wapiga dufu mikono inakatikakatika, hata Bi Mwanamkasi alipotazama akauliza kama watu wale walikanyaga siafu. Nikamwambia ni upepo. Akaniamini, akaniombea na dua. Sasa Jumamosi mwanawe Rama anaoa hapahapa Tongoni, nami nimeitwa tena, na jana amenipigia simu kwa furaha kuniambia ameulizia kila mahali, Jumamosi hakuna upepo.

Nijifanye naumwa? Niivishe lenzi kioo kwa siri? Au niiache oto nimwombe Mungu alete wingu? Baada ya harusi hiyo nimepanga kupeleka posa.

Miraji, Tongoni

*

Marahaba, Miraji. Nimecheka mpaka chai imepoa, kisha nikakukasirikia. Upepo ungejua kusoma gazeti ungekushtaki.

Kabla ya safu hii nilipiga picha za harusi Makorora miaka kumi na miwili, kwa hiyo usinieleze habari za oto. Oto haijui bwana harusi ni nani. Ikiona kanzu nyingi hudhani mwanga umezidi, ikaleta giza. Ikiona mabaibui hudhani giza limezidi, ikawasha. Wewe ulikuwa na kazi ya kuamua, ukaikimbia.

Sasa sikiliza. Ukirekodi fremu ishirini na tano kwa sekunde, shata, yaani muda kamera inaofumbua jicho kwa kila fremu, iwe sehemu moja ya hamsini ya sekunde, maradufu ya fremu. Hapo mkono wa mpiga dufu huacha ukungu kidogo unapopita, na ukungu huo ndio unaolainisha mwendo. Bila kioo, oto yako ilikimbilia labda moja ya elfu tatu, kila fremu ikakatwa kama kwa wembe, na siafu wa Bi Mwanamkasi ndio hao. ISO, ule wepesi wa kamera kushika mwanga, iweke mia uiache hapo. Ila ukifungua shata ya hamsini kwenye jua letu utaunguza picha nzima, ndiyo maana kioo kikatengenezwa: kile cheusi zaidi, namba sitini na nne, jua la saa sita, kumi na sita likishalegea baada ya alasiri. Kisha funga mwanga usibadilike tena, na upimie kanzu, si baibui. Darizi ya kifuani ionekane. Uso wenye giza kidogo utaunyanyua ukikaa kuhariri, lakini nyeupe iliyoungua hairudi hata ukiisomea.

Kuugua, hapana. Siri, hapana kabisa. Unataka kuingia nyumba ile kama mkwe, na tayari umetanguliza uongo mmoja, sasa unauchumbia wa pili.

Leo baada ya alasiri nenda kwa Bi Mwanamkasi na droni yako. Mpe shikamoo, umwambie, "Mama, haukuwa upepo. Niliogopa kukubishia." Atakusema, nawe tulia usemwe. Akimaliza, mwombe atembee uani mara mbili, mara moja bila kioo na mara moja kikiwepo, umwonyeshe zote mbili. Habari ya cheusi usimjibu hata neno. Mwache ajione mwenyewe anavyopita kwa madaha, na baibui lake linavyopepea. Siku ile Mwera hapakuwa na cheusi kikubwa kuliko alichovaa yeye, na mtu mzima akigundua jambo kama hilo peke yake hucheka. Akicheka, mpe kioo aivishe lenzi kwa mkono wake.

Posa ipeleke wiki inayofuata, usimwingilie Rama siku yake. Na kwenye harusi yako na Hasina, mwachie droni mtu mwingine, wewe kaa chini utazamwe na watu. Mimi nitakuja na baibui langu jipya, nitatazama juu kabla sijasalimia mtu. Nikikuta hiyo droni haina miwani yake nyeusi, narudi Makorora na zawadi yangu.

Bi Asmahani