Miraba Minane

Alhamisi, 5 Septemba

Basi la gazeti limechelewa tena kuingia Mtwara. Nimefika Shangani saa kumi. Mwalimu Skolastika alishakaa kibarazani, kiti kimegeuzwa upande wa upepo, kidole juu ya meza. Kidole kikigonga meza ujue umechelewa.

Mafumbo tisa leo. Nilisoma, akajibu. Macho yake yameisha mwaka wa pili sasa, kichwa hakijapewa taarifa. “Tanganyika mara mbili, magari yapite. Herufi nane.” Sijafunga mdomo, kasema barabara. Kisha akafafanua, kama kawaida, kwa sauti ile ya darasani: Tanganyika ni bara, iweke bara mara mbili. Kwake jibu bila maelezo ni la kuibia kwa jirani.

Nimetoa miji minne. Newala, Masasi, Tandahimba. Wa nne nilimpa Kilambo, akakataa. Kivuko si mji, fundi. Nikampa Lindi. Tangu tuanze chemshabongo hii mimi nimegawa nusu ya kusini yote. Yeye hajawahi kutoa hata kitongoji.

Ijumaa, 6 Septemba

Saa mbili tu zimeletwa mezani kwangu sokoni. Moja haina ugonjwa, mwenyewe hakuwa ameitia ufunguo.

Nimekumbuka jambo la jana ambalo sikuliandika. Alipita mwanafunzi wake wa zamani, sasa bwana mkubwa Naliendele kwenye utafiti wa korosho. Akaniuliza mimi nani. Mwalimu akamjibu, “Huyu fundi wangu. Macho anayo.” Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Macho ninayo. Darasa la saba, kusoma nimejiongezea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia vitumbua. Imeniuma na naona aibu kwamba imeniuma.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimefanya jambo baya. Niliandike kabla sijalipamba.

Gazeti lilifika mapema. Nikalipitia mezani kwangu kwanza. Fumbo la sita: “Mchezo wa kijiweni, kisha ukanushe, upate pa kuandikia (8).” Nikalipata. Peke yangu, mara ya kwanza. Karata, halafu si. Karatasi. Nilitamani kumshika mtu yeyote sokoni nimweleze, ila aliyekuwa karibu ni muuza dagaa na alikuwa na wateja.

Nikatembea hadi Shangani nikiwa nimelibeba kama yai. Njiani nikajua kitakachotokea. Nitasoma, atajibu kabla sijameza mate. Yai litapasuka.

Nilipofika kwenye la sita nikasoma vizuri, neno kwa neno. Mwisho nikasema herufi saba.

Moja tu nimepunguza. Nilitaka achelewe kidogo. Dakika tano, nimwambie, tucheke.

Hakuchelewa dakika tano. Vidole vyake vikawa vinahesabu pajani, vinafika mwisho, vinarudi. Akaniomba nirudie. Nikarudia, saba ileile. Chai yake ikapoa. Akahesabu tena. Mdomo ulikuwa unacheza bila sauti.

Kisha akasema, taratibu sana, “Haya fundi. Chukua Mtwara.”

Mji wake wa kwanza, na katoa huu anaoishi. Desturi inajulikana, ukipewa mji unatoa jibu na maelezo yake. Mimi nikajifanya simu imeita. Nikasema kuna mteja. Nimechukua mji nimekimbia nao.

Ijumaa, 13 Septemba

Hadi saa sita mchana nilikuwa nafurahi. Niandike na hilo pia.

Baada ya saa sita, hapana.

Jumapili, 15 Septemba

Nilikwenda baada ya misa yake, nimejiandaa. Kwenye ngazi nilikuwa nayo sentensi nzima mdomoni. Shikamoo Mwalimu, lile fumbo nilikosea kusoma. Nilikosea. Hata toba yangu nilikuwa nimeichakachua.

Akaanza yeye. Mama yake mzazi, Songea, alimaliza maisha hajui kijiko ni cha nini. Ilianza kwenye kuhesabu. Alikuwa anahesabu kuku jioni, anarudia, anapata idadi nyingine, anakasirika. Mwalimu anasema amekuwa akiisubiri siku yake, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Nikasema kila mtu hushindwa fumbo. Akasema, si fumbo, fundi. Hakueleza.

Akaniomba nimpigie Neema, binti yake wa Dodoma. Simu yake ina vitufe vidogo na mimi ndiye macho. Nikapiga. Nikamshikia sikioni huku anamwambia mwanawe aje kumchukua, nyumba iuzwe, asingoje mpaka awe anapotea barabarani. Neema alikuwa analia, nilimsikia. Mwalimu hakulia.

Kidole kilichobonyeza kile kitufe ni hiki kinachoshika kalamu.

Jumanne, 17 Septemba

Dalali amekuja kupima nyumba kwa hatua. Mwalimu amekaa palepale, anamsikiliza anavyozunguka. Neema atafika Jumamosi.

Mwoga mimi.

Alhamisi, 19 Septemba

Majibu ya wiki iliyopita yamechapwa. Karatasi, ukurasa wa kumi na sita, pembeni. Nimelipeleka gazeti nikijua kwamba nikisoma lile jibu mambo yote yanaisha.

Hakutaka mafumbo. Akasema nimsomee hali ya hewa. Nikamsomea. Pwani ya kusini, mawingu kiasi. Akashukuru kama mtu anayemshukuru konda.

Nikalikunja gazeti nikarudi nalo.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimesema.

Neema alishafika na mabasi ya asubuhi. Mama Zuhura wa nyumba ya pili, anayemfulia Mwalimu tangu macho yaishe, alikuwa juu ya stuli anashusha mapazia. Mabegi mawili mlangoni. Nilitegemea nimkute Mwalimu peke yake. Sikumkuta peke yake, na nikaona nikiondoka sitarudi.

Nikasema pale pale mlangoni, viatu miguuni. Herufi zilikuwa nane. Mimi nilisema saba. Sikukosea, nilikusudia. Jibu ni karatasi.

Mama Zuhura akabaki na pazia mkononi. Neema akaniuliza kama nina akili timamu. Akaniuliza tena. Nadhani alikuwa anataka jibu kweli.

Mwalimu akanyoosha mkono Neema anyamaze. Akasema, “Nililipata siku ileile. Karatasi. Nikalihesabu nikapata nane. Nikahesabu tena, nane. Nikasema, ewe Skolastika, hata kuhesabu.”

Kumbe ndivyo vidole vilivyokuwa vinafanya pajani. Alikuwa na jibu sahihi mkononi, hajiamini, kwa sababu aliniamini mimi.

Akauliza kwa nini. Nikajibu ukweli, kwamba kila siku anajibu kabla sijamaliza kusoma.

“Basi ungesoma haraka.”

Hakuna aliyecheka. Kisha akaniambia niende.

Niliposhuka ngazi nikamsikia Mama Zuhura nyuma yangu, kwa sauti ya kunifikia mimi tu na mtaa mzima. “Mtu na mvi zake. Kumdanganya asiyeona. Hata mtoto haibi hivyo.”

Jumapili, 22 Septemba

Hakuna la kuandika. Nimefungua saa ya ukutani iliyokuwa inatembea vizuri, nikaisafisha, nikaifunga.

Jumatatu, 23 Septemba

Nimekutana na Neema sokoni, ananunua samaki. Hakunisalimia, mimi nikamsalimia. Alipolipa na kuondoka akageuka. Mama hatoki Mtwara, amesema, dalali karudishwa. Tena akasema, usidhani nimekusamehe. Nikasema sidhani.

Nimefurahi. Furaha yenyewe naionea haya, kama nimeikuta mfukoni mwa shati la kuazima.

Alhamisi, 26 Septemba

Gazeti limefika na basi la kwanza. Nikalinunua kwa mazoea, nikaliweka chini ya meza. Saa tisa Mama Zuhura akatokea, kajifunga kanga kiunoni, povu bado mkononi. Mwalimu anauliza gazeti liko wapi.

Mapazia yamerudishwa, moja kichwa chini miguu juu. Neema ameondoka leo alfajiri. Kiti changu kipo, kimesogezwa mbali kidogo na chake.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Soma.”

Nikasoma la kwanza. “Wa pili, akaja na wa pili tena, machozi yakatoka. Herufi nane.”

Hakuanza hata kufikiri, nilimwona, uso umetulia tu. Akamwita Mama Zuhura. Mama Zuhura akaacha beseni, akaja akifuta mikono, akainama begani kwangu, akaweka kidole chenye maji kwenye karatasi na kuhesabu miraba mmoja mmoja kwa sauti.

“Nane, Mwalimu.”

Ndipo Mwalimu akaanza kufikiri. Pilipili, akasema. Akafafanua.

La pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Mafumbo tisa, mara tisa Mama Zuhura kahesabu miraba. Gazeti lilikuwa limelowa kona yote ya chini. Kwenye la sita hakurudi tena kwenye beseni, alibaki amesimama nyuma yangu.

Haki yao. Nililishusha gazeti kidogo, upande wenye mwanga, aone miraba vizuri.