Mshumaa Uliouficha Darini

Igowole, 1958

Bibi yangu, kamwene, nakusalimu huko uliko.

Wewe hukuwahi kumwamini mtu anayewasha moto mchana. Siku nilipobatizwa ulikaa karibu na mlango wa kanisa, ukamkazia macho padre akiwasha mshumaa wangu mdogo kwa moto wa ule mkubwa wa Pasaka. Ibada ilipoisha katekista akaupuliza, akakupa uubebe. Ulimfuata hadi nje.

"Umempa mtoto mwanga, mbona umeuzima mwenyewe?"

Akakueleza kwa upole kwamba mwanga ni Kristo, hauzimiki, mshumaa ni alama tu. Tuutunze, utawashwa siku ya komunyo yangu ya kwanza, na tena siku nitakapokuwa nakata roho. Maskini, laiti angeishia kwenye komunyo. Uliuficha ndani ya kaniki yako, ukanishika mkono hadi nyumbani.

Komunyo ilipofika, mshumaa haukuonekana.

"Panya wameula," ulisema, huku ukichochea moto.

Mama alinong'ona kwamba umeutupa mtoni, nami nikamwamini yeye. Nililia, maana wenzangu wote walikuwa na yao, mimi nikaazima. Wewe uliuliza jambo moja tu.

"Huo ni wa mwenzio?"

"Ndiyo, Bibi."

"Basi vizuri." Ukachukua jembe, ukaenda shambani. Nilikukasirikia miaka.

Masika haya, ulipozidiwa, uliomba mwenyewe ubatizwe. Ulisema hutaki kulala mbali na sisi. Katekista yule yule alikuja mvua ikinyesha, akakumwagia maji pale ulipolala jikoni kando ya moto, akauliza kama kuna mshumaa uliobarikiwa akushikishe. Mama akasema hakuna. Ukanitazama mimi, ukatikisa kichwa. Ulikwenda mikono mitupu.

Jana tumeshusha mahindi ya mbegu kutoka darini, juu ya moto wa jikoni. Nyuma yake palikuwa na kifurushi cha jani kavu la mgomba, na ndani yake mshumaa wangu, mweusi kwa moshi, umepinda kidogo kwa joto. Panya hajaugusa.

Katekista anasema niulete kanisani, ni alama tu. Namsadiki. Ila nimemwuliza, kama ni alama tu, mbona ana haraka ya kuuona ukiwaka? Nimeufunga upya na kuurudisha darini.

Mshumaa ulikuwa juu ya kichwa chako siku ile, Bibi. Ulikubali kwenda gizani ili wangu usiwashwe, siku yangu ya kukata roho isifike.

Pumzika. Mimi bado nipo.

Mjukuu wako