Sakafu Yangu ni Dari ya Mtu

Shively, Jumatano, 24 Desemba 2014



Niliahidi kanisani sombe ya Krismasi, ile ya kutwanga, si ya friza. Kuna familia zilizofika juzi kutoka kambi ya wakimbizi, nataka wale kama nyumbani. Shemeji akaniletea majani ya mihogo toka Columbus, nikaweka kinu jikoni, nikatwanga. Nikasahau tuko ghorofani.

Mlango ukagongwa. Bibi Mmarekani wa chini. Na meneja wa jengo alishatuandikia barua: kelele tena, tunahama. Binti yangu Neema akatafsiri.

"Mama, anauliza unajenga nini."

"Mwambie napika."

Neema alicheka. Bibi hakucheka, akashuka. Nikajua anampigia meneja, na baba Neema yuko kazini hana habari.

Nikampigia Mama Eliya wa kwaya, nalia. "Wewe dada, nyamaza! Teremsha kinu kwenye maegesho, tunakuja." Wakaja wanne, makoti juu ya vitenge, tukatwanga kwa zamu kwenye baridi ile. Bibi anatutazama dirishani.

Mara akatoka. Mchi ukaniganda mkononi. Amebeba kipande cha zulia nene.

"Anasema siku nyingine uweke hili chini ya kinu," Neema akasema.

Ee Mungu wangu. Lakini simu, alipiga au hakupiga? Sikuthubutu kuuliza.

Nimemtengea bakuli lake la sombe. Kesho Neema atabisha hodi, mimi nitasimama nyuma yake.